Nani Yuko Nyuma

Mbarara, 8 Machi 2025

Mdogo wangu Gervais,

Amani ya Bwana iingie kwenu kabla ya barua hii, imkute Pascaline na watoto wakiwa na afya na chakula jikoni. Sisi huku tuko wazima. Emery amepona surua. Amebaki na vidoadoa ambavyo anavionyesha shuleni kama nishani za vita. Cherehani yangu imeanza kula nyuzi, lakini kazi haipungui. Tangu nihamishie meza yangu ya kushonea karibu na kambi ya Makenke, wake wa askari wananiletea sare za watoto, na askari wenyewe wananiletea suruali, mwezi huu nipunguze kiuno, mwezi ujao niongeze.

Nimeamua kuandika, nisipige simu, kwa sababu mimi dada yako nikiongea kwenye simu unasema "ndiyo Yaya, ndiyo Yaya", kisha unafanya la kwako. Barua utaisoma mpaka mwisho. Mama Olga atakuletea mkononi akija kuchukua samaki ziwani.

Ni juu ya nyumba ya Baba. Shemasi Ezira ameniomba. Mama yake mzee amefika kutoka Fizi, na kwa Shemasi hakuna hata pembe ya kumlaza. Nyumba ya Baba haina mtu tangu tumzike. Nimemjibu aichukue. Tafadhali toa vitu. Vitanda wape wenye shida. Meza mpe anayeitaka. Dadu na makaratasi ya mchezo fanya unavyoona, mradi visiletwe kwangu.

Kuhusu kuondoa matanga mwezi wa nane, msinisubiri. Kazi ni nyingi.

Nisalimie Pascaline. Mwambie kitambaa chake sijakisahau.

Yaya wako,
Viviane


Nakivale, 23 Machi 2025

Kwako Yaya Viviane,

Nakusalimu kwa upendo, na wote wa hapa wanakusalimu. Barua yako ya tarehe 8 niliipokea tarehe 15, ikinuka samaki mpaka Pascaline akaniuliza nimeandikiwa na nani. Mvua imeanza vizuri. Maharage yameota, mihogo ya mwaka jana bado inatulisha. Mtoto wetu wa mwisho ameanza kutembea, na kila kitu kilichokuwa chini tumekipandisha juu.

Yaya, naomba nyumba ingoje mpaka matanga yaondolewe. Sikatai kumsaidia Shemasi. Lakini nyumba ile si kweli kwamba haina mtu. Kila Jumamosi mchana inajaa.

Unakijua kitabu cha Baba, *Mlima Wenye Njia Nyingi*, kile alichokipiga chapa kwenye mashine ya misheni Uvira kabla hatujakimbia. Unasoma kipande chenye namba, na mwisho wake unachagua mwenyewe: ukiingia mlango wa kushoto nenda namba hii, ukikaa nje nenda namba ile. Lakini nadhani hujakaa kuona kilichozaliwa na kitabu hicho huku kambini kwetu wakimbizi. Nakala zilikuwa mbili tu, wasomaji wengi. Basi mmoja akawa anasoma kwa sauti, wengine wanachagua pamoja. Vipande vilipoisha wakamwambia Baba aongeze. Baba akasema, "Ongezeni ninyi, mimi nimechoka kupanda." Leo hakuna anayesoma tena. Mmoja anaongoza hadithi, kila mchezaji ana msafiri wake, na pale ambapo nguvu au bahati inatakiwa, dadu inaamua. Ni dadu ileile aliyoichonga kwa mpini wa jembe na kuitoboa macho kwa msumari wa moto.

Jumamosi iliyopita walikuja vijana wanne wa Oruchinga kwa baiskeli. Wana meza yao huko. Hawakumwona Baba hata siku moja, lakini milango yake wanaijua yote. Mmoja aliuliza kama ni kweli Baba alimtia mfalme mzima kwenye tumbo la kambare. Divine, yule binti wa jirani anayetuongoza sasa, akamjibu, "Si mfalme, ni mukusanya-kodi. Mfalme na kiti yake hawezi kutosha mule!" Tulicheka mpaka mbuzi wakakimbia. Tukaita kwanza, kama Baba alivyozoea, halafu tukacheza mpaka jua likashuka.

Tukitoka pale hatuna fasi nyingine yenye meza kubwa na paa lisilovuja. Nakuomba muda.

Mdogo wako,
Gervais


Mbarara, 17 Aprili 2025

Gervais,

Pasaka njema kwenu, japo barua hii itawafikia mkiwa mmeshamaliza nyama. Emery ameimba katika kwaya ya watoto. Alikuwa nusu ya wimbo mbele ya wenzake na hakukubali kuwangoja. Mume wangu bado yuko safarini Kikagate na mizigo yake ya ndizi, anarudi Jumamosi akijaliwa.

Nimeisoma barua yako. Umeieleza meza vizuri, kama kawaida yako. Wewe hata mvua ikinyesha unaandika tarehe kwenye daftari lako. Lakini usinieleze meza ile kana kwamba siijui. Niliijua kutoka jikoni.

Tangu tulipofika Nakivale mpaka nilipoolewa, kila Jumamosi nilikuwa napika upande wa pili wa ukuta huku nasikia Baba anawasimulia watu. Sauti yake ilikuwa inapanda na kushuka, watu wanapiga kelele, wanacheka. Nikiingia na chai, mnanyamaza kwa heshima, na yeye ananyamaza pamoja nanyi. Nikitoka, anaanza tena. Watoto wa watu walikuwa na baba mwenye maneno. Mimi nilikuwa na baba anayesema, "Chumvi imezidi."

Sisemi alinikosea chakula au shule. Sisemi hata kwamba alikuwa mkali. Nasema tu kwamba kuna mambo ambayo mtu angetegemea kuzungumza na baba yake baada ya yale tuliyopita, na hatukuzungumza. Sasa hayupo. Nyumba ni kuta tu. Bibi yule wa Shemasi anahitaji kuta.

Mwisho wa mwezi wa sita iwe tupu. Usinibembeleze tena.

Viviane


Nakivale, 25 Mei 2025

Yaya mpendwa,

Nakusalimu mara mbili, moja yangu na moja ya Pascaline, ambaye amepokea kitambaa na amekivaa kanisani kabla hakijapindwa vizuri. Tumevuna maharage ya kutosha. Mtoto amekatwa na mdomo wa kopo mguuni lakini kidonda kimefunga.

Nimechelewa kukujibu kwa sababu nilitaka nikuandikie nikiwa na la kusema. Sikubembelezi. Nakueleza tu tulichofanya.

Tulikwenda kwa Shemasi, mimi, Divine na Musoni, mwenzetu wa mezani. Tulimwambia tutamjengea mama yake chumba, kando ya nyumba yake mwenyewe, ili mzee asilale mbali na mwanawe. Alitutazama kwanza kama watu wa kamari. Akasema, "Ninyi na dadu yenu! Askari waligawana nguo za Bwana kwa kupiga kura." Musoni, ambaye mdomo wake haujui foleni, akamjibu, "Na mitume je, shemasi? Walipotafuta mutu wa kumurizi Yuda, si walipiga kura vilevile?" Nilidhani tutafukuzwa. Shemasi alishika kidevu, akasema, "Matofali mutafyatua wenyewe?"

Tunafyatua wenyewe. Kila Jumamosi asubuhi matofali, mchana meza. Shemasi anachanganya udongo pamoja nasi. Wiki iliyopita, tukiwa tumeanza kucheza, alisimama dirishani akijifanya anatafuta koleo. Msafiri wa Musoni alikuwa amefika penye milango miwili. Tukasikia sauti ya nje: "Asipite kushoto huyo! Kushoto kuna maji!" Tulipogeuka alikuwa ameshaondoka na koleo.

Kwa hiyo bibi atapata kuta, Yaya, kuta mpya. Ninachobaki kukuomba ni neno lako kwamba nyumba ya Baba ibaki.

Kuna jambo jingine, na hili sikujua niliandike vipi. Mchungaji anatayarisha maneno ya siku ya matanga, tarehe 16 mwezi wa nane. Amenitaka nimpe majina ya watoto wa Baba, walio hai na waliotangulia, yasomwe mbele ya kanisa. Mimi namwita Baba tu kama mtoto wa mdogo wake, basi nilisema Viviane. Naye akangoja jina la pili, kalamu mkononi. Jina la Junior niliweke upande gani? Nimemwambia nitamuuliza dada yake.

Gervais


Mbarara, 19 Julai 2025

Mdogo wangu,

Salamu kwa wote, na unisamehe kimya. Tulikuwa wazima, hakuna aliyeugua, na siwezi kumsingizia hata Mama Olga, maana amepita hapa mara nyingi akaniuliza, "Barua iko wapi?" nami nikamwambia bado.

Swali lako nililisoma, nikalikunja, nikaliweka chini ya cherehani. Mwezi wa sita ukaisha, sikukumbusha habari ya nyumba. Labda uliona.

Sasa nikuambie ile kazi nyingi ya mwezi wa nane ilikuwa nini. Ni hiyohiyo. Nilijua siku hiyo yatasomwa majina. Nikijikuta nimekaa kwenye benchi la mbele, na mtu mwema aliyevaa tai anamweka kaka yangu mdogo upande mmoja au mwingine, ningeinuka nitoke. Kama yu hai, yuko wapi? Kama amekufa, nani alimzika? Mimi na Baba tulivuka mto Ruzizi tukiwa na Junior na tukatoka ng'ambo bila Junior. Baba hakuwahi kutamka jina lake mbele yangu tena. Hakuna hata mara moja, Gervais. Nilimchukia kwa hilo kuliko nilivyomchukia mto.

Naandika haya kwa sababu ya jambo la juzi.

Koplo mmoja wa Makenke, anaitwa Mugume, alikuja kuchukua suruali na wenzake wawili. Haikuwa tayari. Nikawaomba wangoje. Wakakaa mwisho wa meza yangu ya kukatia, mmoja akatoa dadu mfukoni. Nikaitazama. Ilikuwa imechongwa kwa mpini wa jembe, macho yametobolewa kwa moto, kwa mfano wa ile ya Baba. Mmoja akaanza kusimulia mlima, na mlango, na pango lenye maji. Mkono wangu ukasimama kwenye gurudumu.

Kijana wa kando akataka kutupa. Koplo akamshika mkono.

"Wewe, sema jina kwanza! Nani iko nyuma?"

"Mama yangu. Iko Ibanda."

"Haya, tupa sasa."

Nikauliza, "Afande, hayo majina ni ya nini?"

"Madam, hiyo ni sheria. Wewe unatangulia kwa mto, sindiyo? Lazima uite mtu ya nyuma. Hapana ita, hapana tupa."

"Nani aliwafundisha?"

"Kijana moja ya Oruchinga, tulikuwa naye kwa mpira. Lakini sheria ni ya mzee moja ya Nakivale. Mzee alikufa. Sheria bado iko."

Yule wa Ibanda akacheka, "Koplo huyu kila siku anaita bibi yake, mama ya watoto, na bibi iko hapa tu quarter ya askari!"

"Kwani bibi hawezi kuwa nyuma? Wewe umeona vile anatembea?"

Nilimwambia Koplo suruali yake iko tayari. Nilimpa ikiwa na upindo wa mguu mmoja tu. Akaichukua akanishukuru, na sijui wenzake watasema nini wakiiona kwenye gwaride.

Gervais, kitabu cha Baba nakijua. Nilikisoma nikiwa msichana, Bwegera, naweza kukusomea mlango wa kwanza nikiwa nimefumba macho. Ndani yake hakuna mahali panapotaka mtu aite jina kabla ya kutupa. Sheria hiyo aliiongeza baada ya mto.

Katika barua yako ya mwezi wa tatu uliandika, "tukaita kwanza, kama Baba alivyozoea". Niliipita kama mtu anayepita jiwe.

Baba aliita nani? Usinipe maneno mazuri. Nipe jina.

Viviane


Nakivale, 24 Julai 2025

Yaya,

Leo salamu zitakuwa fupi. Tuko wazima. Mama Olga amenikabidhi barua yako asubuhi, nimemwomba angoje gari lake mpaka nimalize kuandika. Ananitazama, na samaki wake wananitazama.

Aliita Junior.

Kila mara, kwa miaka yote. Sisi wengine tulikuwa tunabadilisha. Leo mama, kesho rafiki aliyebaki Uvira. Divine aliwahi kumwita kuku wao aliyeachwa mlangoni siku waliyokimbia, na Baba alisema kuku pia anafaa. Yeye hakubadilisha. Alishika dadu, akauliza mwenyewe "Nani yuko nyuma?", akajibu mwenyewe "Junior", akatupa.

Nisamehe, Yaya. Nilidhani unajua. Nilidhani nyumbani mnamtaja kama sisi tulivyomtaja mezani. Nilipoandika "tukaita kwanza", kwangu lilikuwa jambo la kawaida kama kunawa mikono.

Umeniambia nisikupe maneno mazuri. Nitakuandikia yale mawili niliyoyasikia, yalivyokuwa.

La kwanza. Mgeni mmoja alimwuliza, "Mzee, huyu Junior ni marehemu?" Baba akamjibu, "Sikusema marehemu. Nilisema iko nyuma." Akaendelea na mchezo.

La pili. Siku moja ulileta chai, ukatoka, nikamwuliza Baba kwa nini ananyamaza ukiingia. Alikuwa na dadu mkononi, alikuwa hajaita bado. Alisema, "Pale mtoni mimi nilikuwa mbele napima maji. Viviane alinishika shati. Junior alikuwa nyuma yake na sufuria. Mimi sikugeuka. Nilisema nikigeuka nitayumba, na huyu aliyenishika ataenda na maji. Kama ningeita tu, hata bila kugeuka, ningejua. Sasa nikiita jina lile mbele ya Viviane, atageuka atafute. Sitaki ageuke." Nilimwambia, "Baba Mkubwa, Viviane ni mtu mzima." Akaniambia ninywe chai, inapoa.

Sina zaidi ya hayo.

Jana nilikwenda kwa Mchungaji. Nilimwambia kwetu majina hayako pande mbili, yako tatu: walio hai, waliotangulia, na walio nyuma. Alivua miwani. Alisema kitu kama hicho hakipo katika utaratibu wa kanisa. Shemasi Ezira alikuwa pale anafagia, akasema bila kuinua kichwa, "Mchungaji, yule kondoo mumoja wa mia, nani alimuandika kwa waliokufa? Mwenyewe alimuhesabu kwa waliopotea, akaenda kumutafuta." Mchungaji akavaa miwani tena na kuandika.

Lakini litasomwa ukikubali tu. Ukikataa, nitalifuta na hatutaongea tena habari hiyo.

Chumba cha bibi kimefika kwenye paa. Mama Olga anapiga honi.

Gervais


Mbarara, 10 Agosti 2025

Mdogo wangu Gervais,

Nakusalimu, na kila aliyefyatua tofali msalimie kwa jina lake. Emery amefunga shule na anataka kuja. Ameambiwa kuna mtu katika tumbo la kambare, hajalala vizuri tangu Jumatano.

Jina lisomwe. Lisomwe upande wa tatu, peke yake, wala mtu asiongeze "marehemu" kwa mazoea.

Meza isihamishwe. Nyumba ibaki na watu wake wa Jumamosi. Bibi akiingia chumba chake, mwambieni shuka zake nimezishona mimi, nitazileta. Nimeshona pia kitambaa cha kufunika meza, kizito, cha kijani, kilichobaki kwenye kazi ya kambi. Dadu isiwe inaruka ovyo.

Barua yako naisoma kila siku nikipumzisha cherehani. Shati lile nalikumbuka. Lilikuwa limelowa, na nilikuwa nimelishika kwa mikono miwili. Ndiyo maana sikuwa na mkono wa nyuma. Nilidhani mimi tu ndiye ninayejua hilo. Ningependa angeniita nikiwa naingia na chai. Ningegeuka, ndiyo. Tungegeuka wote wawili.

Jumamosi baada ya kanisa nitakaa mezani, si jikoni. Chai apike Musoni. Sijui kucheza, basi Divine anitafutie msafiri asiye na mambo mengi, mwenye miguu mizuri tu.

Nitakuja na gari la Mama Olga, na unalijua lilivyo. Likiharibika Isingiro, kwa chakula msinisubiri. Lakini dadu msiitupe. Anayetangulia aulize nani yuko nyuma.

Wewe jibu: Junior.

Halafu jibu: Viviane, yuko njiani.

Yaya wako